Saini Nzuri Mno

Nilikuwa karani wake, Metre Musau,
miaka kumi na tisa, chumba kimoja Kamalondo
juu ya duka la makala. Majalada yetu
yalinuka moshi hata mbele ya hakimu.
Wa kwanza mjini, walisema, kuvaa joho jeusi
kwa ajili ya watu wa ovaroli.
Hakuwa na bango. Alikuwa na benchi:
mbao mbili juu ya matofali, na kila Jumatatu
makalio ya Katuba na ya Ruashi
yalilisugua hadi likang'aa.

Walilipa walichonacho. Kuku. Unga wa bukari.
Mmoja alileta redio isiyo na betri,
akaiweka mezani polepole, kama anayezika.
Sikuiandikia risiti. Aliniambia: andika.

Nitasimulia moja tu, ya Kapend wa tanuru la shaba.
Mashine ilimla vidole vinne, mkono wa kulia,
Jumanne, tarehe tatu. Kompani ikaleta karatasi:
ameacha kazi kwa hiari yake, tarehe tisa,
na chini saini yenye mkia uliopinda
kama wa jogoo aliyeshiba.

Musau hakupaza sauti. (Nilimsikia akipaza
mara moja tu, na ilikuwa kwa paka.)
Akamsogezea hakimu ile karatasi:
"Saini nzuri mno."
Kisha, "Baba Kapend, inua mkono wa kuandikia."

Feni ilizunguka.
Hakimu aliutazama ule mkono
kama aliyeletewa barua ya mamake marehemu.

Tulishinda, ndiyo. Pesa zilichukua miaka minne
kushuka ngazi za kompani; Kapend hakuzingoja.
Mjane wake alinunua mabati kumi na mawili,
akasema, mvua siku hizi inabisha hodi.
Alitualika kula. Nilikwenda peke yangu.
Metre alikuwa ameshafungua jalada jingine,
la wanawake waoshao mawe mtoni bila glavu.

Jana nilimsindikiza benki. Mkono unamtetemeka sasa.
Kijana wa dirishani akageuza fomu, akaigeuza tena:
"Mama, hii haifanani na ya zamani.
Weka dole gumba."

Alicheka hadi akashika kaunta,
mlinzi akatugeukia.
"Kyungu," akaniambia, "andika hiyo.
Saini mbaya, na ni yangu."

Sikuwa na kalamu. Niliazima ya mlinzi.
Tulipotoka mvua ilikuwa imeanza,
na basi la Kamalondo limeshaondoka.