Ankara Nambari Arobaini na Moja

Fundi Garnik hakuwa na pesa taslimu, akanilipa jiwe.

Nilikuwa nimemtengenezea tovuti, kurasa sita:
yeye na patasi zake, vumbi la waridi hadi kwenye kope,
karakana yake nyuma ya stesheni ya Gyumri
anakochonga majina ya wafu.

"Hapa patupu ni pa nini?" aliniuliza mara ya kwanza,
kidole chake kinene kikigonga skrini kama mlango.
Nikajiandaa kumpa hotuba ninayowapa wateja wote:
nafasi tupu si uvivu, mzee wangu, ni pumzi.
Kumbe halalamiki.
Anataka niongeze.
"Jina likibanwa," alisema, "marehemu atakohoa."

Basi nikaongeza.

Mimi Shoghik, binti wa mshona viatu,
natafuta riziki kwa kompyuta iliyopasuka kona
na begi lenye brashi tatu, soksi,
na chaja mbili, moja ikiwa ya kusahau.
Ofisi yangu ni popote umeme unapokubali.
Tbilisi, bafuni mwa hosteli, saa nane za usiku,
maana ndiko mtandao ulikoshika.
Batumi, mvua wiki nzima, nembo ya daktari wa meno
aliyetaka jino linalotabasamu.
(Jino nalo lina meno? nilimwandikia. Hakujibu. Alilipa nusu.)
Plovdiv, mkahawani kwa mama Stanka, chai moja kwa saa nne,
mpaka akaanza kunipitishia kitambaa chini ya viwiko,
akifuta meza iliyokuwa safi.
Nikamchora akifuta. Akaitundika picha juu ya friji,
na tangu siku hiyo chai ya pili haiandikwi.

Mama huuliza kwa simu: "Umepata kazi?"
Ninazo kazi saba, mama.
"Nimeuliza kazi."

Haba na haba, wanasema. Kibaba changu kina tundu.

Kuna siku naichukia samawati.
Kila benki inaitaka, kila muuza bima,
samawati ya kuaminika, isiyo na makeke,
nami nalizungusha gurudumu la rangi hadi macho yanawasha.
Kisha nafunga kila kitu, natoka na daftari,
nachora kuku wa jirani, nachora viatu mlangoni,
mstari usioomba idhini ya mtu.

Jiwe lenyewe lina kilo thelathini na nane.
Alilipima mbele yangu, kwenye mizani ya viazi,
nisije nikasema nimepunjwa.
Amechonga juu yake herufi moja ya jina langu, ya kwanza tu,
na pembeni yake uwanja mtupu, mpana,
uliosuguliwa hadi ukawa kama sabuni iliyotumika nusu.
"Zilizobaki utachonga mwenyewe," alisema. "Ukirudi."
Nikamwambia jiwe halina kitufe cha kufuta.
Akacheka. "Ndiyo maana tunaanza polepole."

Siwezi kulibeba. Ndege gani itanikubalia?
Limekaa uani kwake, karibu na bomba;
paka hulilalia jua likiwaka.
Garnik hunitumia picha, zote zimepinda,
kwa kupitia fomu ile ile niliyowawekea wateja wake.
Penye "Jina la marehemu" huandika langu,
kwa kuwa fomu haipiti pakiachwa wazi.

Leo niko Thesaloniki, chumba cha kukodi, dirisha linatazama ukuta.
Imeingia picha: bomba, mkia wa paka,
theluji ya kwanza. Uwanjani imeshateleza yote,
imebaki ndani ya herufi peke yake, nyeupe.
Chini yake: Shoghik, marehemu. Ujumbe: Lini?

Kosa lile la fomu ni la dakika mbili kulirekebisha.
Nimeifungua. Nimeitazama.
Nimeandika tarehe.