Lakiri

Miaka kumi na tisa, Shimanzi nilihesabu
makasha yenye anasa, ya mitumba na vitabu;
mlango sikuugusa, lakiri ina adabu.
Ajuaye ni mwenyewe, mimi ni karani wake.

Reli mpya ikapita, mizigo ikaibeba;
winchi zikajikunyata, yadi ikaota mwiba.
Barua nikaipata, maneno yake ni haba.
Ajuaye ni mwenyewe, mimi ni karani wake.

Siku tatu hazijesha, Mwanaidi uchunguni;
miezi haijatosha, ni saba tu hesabuni.
Jirani akatuvusha, Makadara, usikuni.
Ajuaye ni mwenyewe, mimi ni karani wake.

Mtoto kama kiganja, akalia mara moja;
mizani ikatupunja, hata kilo haikuja.
Nesi upesi kamkunja, kasha la kioo laja.
Ajuaye ni Mwenyewe, mimi ni karani wake.

Halina namba ya rangi, wala jina la bandari;
waya ndani yake nyingi, taa ndogo ya hatari.
Nilohesabu ya wengi, hili sijui safari.
Ajuaye ni Mwenyewe, mimi ni karani wake.

Mkufu wa Mwanaidi, kwa sonara nimeweka;
bili haijui idi, wala siku ya sadaka.
Nimelipa kwa miadi, robo tatu zanisaka.
Ajuaye ni Mwenyewe, mimi ni karani wake.

Watu waja na subira, waigawa kama tende;
wanena maneno bora, wanywe chai, kisha wende;
nami hubaki na dira, isiyo hata upande.
Ajuaye ni Mwenyewe, mimi ni karani wake.

Umeme ukazimika, usiku wa siku tano;
jenereta ikacheka, ikauma tena meno.
Nesi pampu akashika, akihesabu kwa neno.
Ajuaye ni Mwenyewe...

Nikatoka barazani, nikaupiga ukuta,
nikasema: Ya Manani, kazi yangu umefuta,
sasa na hiki kidani, nacho wataka kuvuta?
Kama ndiwe ajuaye, mbona mimi siambiwi?

Jibu sikulisikia; rukwama ilipita tu,
madumu yakigumia, maji ya kuuza kwetu.
Ndoto haikunijia, wala sauti ya mtu.
Kimya kizito cha jiwe, nami kwenye pindo lake.

Nikamkumbuka Mbaruku, alivunja ya baridi,
ni papara na shauku, kuona ndani kusudi.
Ikafa chanjo ya kuku, kasha zima, halirudi.
Ajuaye ni mwenyewe, mimi ni karani wake.

Si kila kilichofungwa, kimefungwa kwa uchoyo;
ndani yake panachungwa, joto na pigo la moyo,
nami hapa nimepangwa, nikeshe bila ya mwayo.
Ajuaye ni Mwenyewe, mimi ni karani wake.

Bomba kavu. Kwa kichupa, udhu wangu nikapata.
Sikudai, sikuapa, bei sikuikokota.
Nasema: Ulichonipa, ni Chako ukikiita.
Ujuaye ni Mwenyewe, mimi ni karani wako.

Asubuhi bado yupo, gramu kumi kaongeza;
mama mtu hapohapo, maziwa anatoneza.
Kesho yake, kama ipo, hakuna wa kueleza.
Ajuaye ni Mwenyewe, mimi ni karani wake.

Changamwe nipo mchana, getini na vibarua;
wachache huitwa jina, waliobaki, ni jua.
Nikirudi, nina, sina, Mwanaidi hutambua.
Ajuaye ni Mwenyewe, mimi ni karani wake.

Majaliwa, tumemwita, kwa kidole kiooni;
mguu akauvuta, hatujui ni kwa nini.
Zamu haijanipita, kalamu i sikioni.
Ajuaye ni Mwenyewe, mimi ni karani wake.