Mizani ya Mkono

Kabla sijaisoma chapa, mkono ulishajua.
Kasha lilelile la kijani, tai yuleyule
amekunja mabawa juu ya herufi nyekundu,
lakini nilipoinyanyua drili pale kaunta kwa Vasanji
mkono ulipaa kuliko nilivyoutuma,
kama mguu uliodhani imebaki ngazi moja.

"Ni ileile, fundi," akasema mjukuu.
"Wameipunguza uzito tu, usichoke."
Nani kamwambia kwamba nachoka?

Ya kwanza niliinunua kwa babu yake,
masika yale yaliyokata njia ya Kibosho,
nikailipa kwa vitanda viwili na ahadi.
Miaka kumi na tisa imetoboa mninga, mkangazi,
zege la ghorofa ya pale Kiboriloni,
ikaanguka toka dari la kanisa,
ikaamka na kikohozi, ikaendelea.
Kaboni nilibadilisha mara tano, waya mara mbili,
swichi nikairithi kwa marehemu grenda.
Ilipokufa haikulalamika. Ilitoa moshi mwembamba
wenye harufu ya ukucha ulioungua, basi.

Hii mpya ilimaliza wiki sita.
Nderingo akaifumua juu ya gazeti:
palipokuwa na shaba pana plastiki,
meno ya gia yamelika kama ya mtoto mpenda miwa.
Tai bado anapendeza.

Nikasema yote tusemayo mafundi wa Kiusa:
patasi za siku hizi hupinda ncha kwenye fundo la mringaringa,
msumeno mkali Jumatatu, Jumatano butu, na tupa haukubali,
kichwa cha nyundo hutoka mpinini bila kuaga,
kiwanda kimehama, au kimeuzwa,
au tai ameuza jina akabaki na manyoya.
Nderingo, miaka ishirini na miwili, akasema
yeye hununua ya bei ndogo, ikifa anachukua nyingine,
hamna matanga.
Nikamwita mvivu.
Siku ile yeye alimaliza milango yake. Mimi sikumaliza.

Ijumaa akaja Mama Aikaruwa kutoka Rau
na stuli mbili ndani ya bajaji.
Zote zina alama yangu kwa chini, A.K.,
niliyoichoma kwa chuma cha moto.
Moja ya mwaka aliozaliwa kitindamimba wake.
Nyingine ya Krismasi iliyopita, mguu unacheza.
Hakugomba. Alizishika, moja kila mkono,
kama achaguaye mkungu pale Mbuyuni,
akatulia.
Kisha akanipa mimi nizishike.

Ile ya zamani: ulimi ndani ya tundu,
kabari ya mpodo, gundi iliyolala usiku kucha.
Hii: misumari minne, ubao mwembamba, na haraka,
kwa sababu ada, kwa sababu mbao zimepanda,
kwa sababu nani hugeuza stuli atazame chini.
Bila shaka na kule kiwandani wana sababu,
zimepigwa chapa, zimefungwa kwenye faili.

"Ni ileile, mama," mdomo ulishaanza kufunguka.
Nikaufunga.

Nikaung'oa mguu. Nderingo akaniletea misumari
kabla sijamwagiza, maana ndivyo nilivyomfundisha.
Nikamwambia arudishe, alete patasi ya baba,
ile iliyobaki nusu kwa kunolewa,
na keekee ya mkono iliyotundikwa nyuma ya mlango
pamoja na koti la mvua.

Mama akauliza kiasi gani.
Nikamwambia njoo Jumatano.
Akasema stuli moja, fundi, mpaka Jumatano?
Nikasema ndiyo.

Keekee inalia kama bata, inakwenda polepole,
bega linauma upande nisioukumbuka.
Nderingo amekaa kwenye kasha la kijani, anatazama,
hajasema kitu.
Chuma cha alama kipo pale dirishani.
Kwanza nimekiacha kibaridi.