Kikapu cha Mmbone

Jumamosi, saa tatu asubuhi.
Nautikisa mtungi wa gesi,
unanijibu kwa mnong'ono.
Na watu sita nimewaalika, mchana huu,
hapa Migosi, kwenye meza ya viti vinne.

Maharagwe nililoweka jana.
Yamevimba usiku kucha
kama mtu aliyesikia akisifiwa dirishani.
Aliya mama aliituma kutoka Ugenya,
nyama kavu kama risiti ya mwaka jana,
imefungwa gazetini, inanuka moshi na ukoo.
Vitunguu viwili. Nyanya za Kibuye,
zile zilizopasuka, za bei ya kuondolea aibu.
Chumvi. Dakika ishirini za mchemko,
kisha nazima moto mwenyewe,
kabla haujanizimikia.

Sasa kikapu.
Alikisuka Mmbone, mikono ya Maragoli,
ndani akakishindilia sweta za mitumba,
blanketi la mwanawe ambaye siku hizi
miguu yake inatokeza kitandani,
na koti moja la marehemu, hakusema la nani.
Naiteremsha sufuria polepole,
namlaza mtoto aliyechelewa kusinzia,
namfunika mto, juu ya mto shuka.
"Usichungulie," alinionya.
"Kila ukifunua, umeiba saa nzima."

Basi nikafagia. Nikasuka nywele za Achola.
Nikalala, naam, nililala,
mwenye wageni sita nikalala kama asiye na hata mmoja.

Saa nane wakaja.
Okwiri akapitia jikoni, eti anataka maji,
akakuta jiko baridi, ukuta hauna jasho,
harufu hakuna, mwiko mkavu umetundikwa.
Akarudi na uso wa mtu aliyetoka kutazama maiti,
akamnong'oneza Jerotich.
Jerotich akamwita mwanawe pembeni,
noti ya mia mbili ikabadili mkono:
"Chipsi, pale kona. Upitie nyuma."

Niliona. Nikaendelea kumimina maji.
Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu,
ila wahenga hawakuwahi kumkalisha Okwiri
kwenye kochi, saa nane na nusu, bila kitu mkononi.

Ile gesi iliyobaki nilikuwa nimeiwekea akiba,
ikatoa ugali mmoja, wa mtama na muhogo,
ikakata roho.

Ndipo nikakiburuta kikapu hadi katikati ya sebule.
Shuka. Mto. Mfuniko.
Mvuke ukasimama wima kama mgeni wa saba,
miwani ya Nasimiyu ikaingia ukungu,
na harufu iliyonyamaza tangu asubuhi
ikasema yote kwa mkupuo.
Aliya ilikuwa imelainika
kama mdaiwa aliyesamehewa.
Maharagwe hayakutafunwa, yalikubali tu.

Mtoto akatokea mlangoni,
mfuko wa karatasi umelowa mafuta.
Kimya.
Okwiri akacheka wa kwanza, tena sana,
hadi akalazimika kuweka tonge chini.
Chipsi walizila watoto. Hazikubaki,
lakini hakuna aliyeziulizia.

Bakuli moja nililirudisha kikapuni, nikalifunika.

Mmbone alitoka zamu saa nne usiku,
hospitalini walizaa watano, alisema, na mmoja bado.
Wageni walikwisha kwenda, taa nimepunguza.
Alikula bila neno, kijiko kikigonga kuta za bakuli,
nami nikamtazama, nikasahau shukrani niliyoiandaa.

Kisha akavua viatu.
Miguu ilikuwa imefura, alama za soksi zimechora pete.
Akakivuta kikapu karibu,
akaichomeka yote miwili ndani,
kati ya zile sweta na lile koti,
akafumba macho.
"Bado kuna joto," alisema.

Kesho nitazifua sweta.