Mseto

Mashine yangu iko nyuma ya jukwaa,
chini ya turubali la kampuni ya saruji:
meza, koleo, mkasi, birika la kahawa tungu.
Raketi zote za fainali zimepita hapa.
Watu nawajua kwa namba wanazoniambia.

Fadhili Mwachofi: pauni hamsini na nane.
Nyuzi ngumu kama mlango wa benki,
mpira ukifika hauulizi, huondoka.
Rukia wa Kuze: arobaini na nane.
"Nilegezee, Mzee Badi. Nataka niusikie ukiingia
kabla sijauambia pa kwenda."
Nikamwambia, mwanangu, joto litakulegezea zaidi,
Machi hapa hata misumari hutoka jasho.
Akacheka. Akalipa, akadai chenji yake.

Mchezo wenyewe wanauita jozi mseto.
Kwetu mseto ni choroko na mchele, sufuria moja,
na asiyejua kupika huvitia vyote kwa pamoja:
mchele ukawa uji, choroko bado yagonga meno.
Seti ya kwanza ilikuwa hivyo.
Mpira ukija katikati, Fadhili: "Wangu!"
Ukija kuliani: "Wangu!"
Ukija kwa Rukia, naye amesimama tayari,
mkono umeshakwenda nyuma: "Wangu!"
Raketi zikagongana, mlio wa mfuniko sakafuni.
Mbili kwa sita.

Wale wa Kairo hawakuwa wajinga.
Wakamlenga mwanamke,
kifuani, miguuni, begani,
na jukwaa zima likageuka mjomba wake:
"Fadhili, mfunike! Fadhili, ingia!"
Hata mama wa viazi vya karai aliweka beseni chini ashauri.
Mkono wa Rukia hakuna aliyeutazama.
Mimi niliutazama, ndiyo kazi yangu.
Kila kombora lililomfikia lilirudi bila hasira,
fupi, la upande, karibu na mstari,
kama sahani ya jirani inavyorudishwa
na kitu ndani yake.

Seti ya pili tukaichukua, sijui vipi.
Nilikuwa nimeinama natafuta koleo.

Ya mwisho si seti, ni mbio za kufika kumi.
Sita kwa sita, uzi wa Fadhili ukaenda.
Uzi wa hamsini na nane haukatiki, hupasuka.
Raketi yake ya pili aliivunja jana kwa hamaki,
ya tatu iko mezani kwangu, wima bila ulalo,
kitanda cha kamba ambacho fundi amekiacha akaswali.
Rukia akamrushia yake ya akiba.

Yakhe, ungemwona!
Pigo la kwanza liliruka wavu, mstari, ubao wa matangazo,
likamtimua kunguru.
Akaitazama ile raketi
kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa mwenziwe.
Mpira uliofuata ukaja katikati, wa juu, wa kuvutia.
"Wako," akasema,
polepole, kama neno la lugha aliyoiacha utotoni.
Rukia hakujibu. Alikuwa ameshaupiga.

Saba saba. Nane kwa saba. Nane nane. Nane kwa tisa.
Mpira wa mwisho uligonga ukingo wa wavu,
ukakaa pale juu, wallahi, ukafikiri,
ukaangukia kwetu.
Hapo hapana wa kulaumiwa, lakini hatukosi:
kufika Mwembe Tayari walishamlaumu mwanamke,
wengine upepo, wengine mimi na nyuzi zangu.

Watu walipokwisha kutawanyika akaja Fadhili,
medali ya pili mfukoni ikigongana na funguo.
Akajimiminia kahawa bila kuuliza.
"Nifungie hii."
"Hamsini na nane?"
Raketi ya Rukia bado alikuwa nayo.
Akazibonyeza nyuzi kwa kidole gumba,
hivi mnunuzi anavyolijaribu papai.
"Hii ni ngapi?"
Nikamwambia.
Akanywa. Akabonyeza tena.
"Hamsini na tatu," akasema,
sauti ya mtu anayepatana bei
na hajui muuzaji ni nani.