Lango la Juu

Miaka kumi na mmoja lango hili lilijua mkono mmoja.
Komeo lilitii kidole gumba changu tu,
bawaba ililia sauti niliyoizoea
kama mtu anavyozoea kikohozi cha mumewe.
Sikuwaficha farasi. Niliwapumzisha na macho ya watu.

Huyu kahawia aliletwa Februari, mbavu zikihesabika,
hatamu ya kamba imezama puani
nyama ikaota juu yake, kama mti unavyomeza waya.
Yule wa madoadoa alikimbia mbio za fedha
hadi goti likasema basi.
Gwenllian, mfupi, mweupe, hakupigwa na mtu;
alisahauliwa tu nyuma ya kiwanda, majira matatu ya baridi.
Kusahauliwa nako ni jeraha,
ila daktari haoni pa kushona.

Kisha bei ya nyasi kavu ikapanda,
na Meurig wa kituo cha vijana akaja na barua na keki,
akaketi jikoni: "Watoto kumi na wawili, Eluned.
Darasani hawatulii. Na wazee wanne wa mgodi uliofungwa,
mapafu yao yanataka hewa na kilima cha taratibu."
Nikasema nitafikiri. Keki ikaisha kabla ya fikra.
Mgeni njoo, mwenyeji apone:
ndivyo asemavyo asiye na sakafu ya kufuta matope.

Nikapaka ubao rangi.
Usikimbie. Usipige kelele. Usisimame nyuma ya farasi.
Usimguse asiyekuja.
Herufi kubwa, nyekundu,
mwandiko wa mtu anayeogopa.

Wakaja Jumamosi, ukungu bado umelala bondeni,
buti za kuazima zikiwapwaya.
Mzee Emrys alisimama mbele ya toroli la samadi
kama aliyekutana na mwenzake wa utotoni.
"Baba yangu alifanya kazi na farasi chini ya ardhi,"
akasema, na hakuongeza neno. Akachukua sepetu.
Msichana mmoja akauliza kama farasi huota ndoto.
Nilikuwa na majibu ya kwato, ya minyoo, ya meno.
Hilo sikuwa nalo.

Na Iolo, ambaye niliambiwa haongei,
hakusoma ubao. Alikata malisho moja kwa moja,
akaketi kwenye nyasi mbichi, akampa kahawia mgongo,
akaanza kung'oa unyasi mmoja, mmoja,
kama mwenye siku nzima mfukoni.

Kahawia, ambaye miezi tisa hajanijia mimi,
mimi niliyemkamua usaha, niliyelala bandani usiku wa homa,
akainua kichwa. Hatua. Akasita. Hatua nyingine.
Nilifungua mdomo niitangaze sheria ya nne,
nikakumbuka inavyosema: asiyekuja.
Huyu alikuwa anakuja.
Akashusha pua yenye kovu,
akapumua shingoni mwa mtoto,
akamvua kofia ya sufu
akaitafuna.

Mtoto akacheka. Kicheko cha kukwaruza,
kama bawaba isiyofunguliwa.
Mimi wivu ulinikaba; nauita kwa jina lake.
Kilichofuata baada ya wivu bado sijakipa jina.

Jioni, basi dogo liliposhuka bondeni,
niliosha ndoo, nikahesabu vichwa: tisa.
Nikaandika daftarini:
Nyasi, marobota sita.
Dawa ya goti, kijiko kimoja.
Kofia moja, buluu, imeliwa nusu.
Kumuuliza Meurig kipimo cha kichwa.