Jiwe Chini ya Sahani

Mwezi ukiwa mpevu, darasa langu hujaa.
Dagaa hawavuliwi kwenye mbalamwezi,
basi mikono ya kuanika inapata likizo
na Igombe nzima inakuja kujifunza Kiingereza:
themanini na wawili, madawati ishirini na matatu,
harufu ya mwalo kwenye kila daftari.

Jumanne niliandika ubaoni maneno mawili,
wait na weight.
Nikayatamka. Weiti. Weiti.
Wakatazamana. "Mwalimu, umerudia."
Sijarudia, nikasema. Hili ni kusubiri,
lile ni uzito.
Sikio halina msaada hapa. Ni kazi ya jicho.

Nilitaka kuwasimamisha Kulwa na Doto,
niseme, mnaona, sura moja, watu wawili.
Nikajizuia. Tangu chekechea
wao ndio mfano wa kila mwalimu.
Wamechoka.

Nikawapa badala yake aibu ya nyumbani:
kwamba ulimi wetu wa huku haukuzaliwa na r,
kwamba marehemu Ndaki, alipomposa shangazi yangu,
aliandika barua safi, mistari imenyooka,
"Jumamosi tutaleta mahali."
Babu akaisoma mara mbili, akamwita bibi.
"Mahali gani? Kwani hapa hapatoshi?"
Shangazi aliolewa, lakini mpaka leo
akigombana na mawifi huambiwa,
wewe ulitolewa mahali, siyo mahari.

Walipomaliza kucheka tukataja herufi.
Dabliyu, ei, ai, tii.
Sawa.
Dabliyu, ii, ai, jii, eichi, tii,
na darasa zima likajikwaa palepale, kwenye jii.

Masatu hanyooshi mkono. Masatu husimama tu,
kama mtu aliyeng'atwa na siafu.
"Hizo jii na eichi zinafanya kazi gani
kama hazisemi?"

Chuoni hatukuulizwa hilo.
Nilitafuta jibu dirishani, nikaona mabati,
na korongo mmoja akichokoa jalala.
Zipo tu, nikasema. Tumezikuta.

"Ni kama jiwe," akasema.
Jiwe gani?
"La wakala. Lile aliloligandisha kwa lami
chini ya sahani ya mizani, upande wa vipimo.
Halisemi. Lakini kila siku
linakula sangara wa mama."

Hakuna aliyecheka.
Nyuma kabisa, Minza akashika kalamu
akaliandika neno lake upya, bila kuambiwa,
akazikandamiza jii na eichi
mpaka karatasi ikatoboka.

Zoezi la Ijumaa: sentensi moja, ya kwako mwenyewe,
utumie lolote kati ya yale mawili.
Nilisahihisha usiku, taa ya sola ikififia.
Wengi walikosa, kama kawaida.
Mmoja alinunua kilo mbili za kusubiri
pale sokoni Kirumba, akarudishiwa chenji.

Kisha daftari la Masatu, lenye magamba kwenye jalada.
Aliandika, kwa Kiingereza chake kinachochechemea,
kwamba kila alfajiri mama yake yuko mwaloni
na halafu lile neno, jii na eichi ndani yake,
halina kosa hata la nukta.

Anapima? Au anasubiri?
Baba yake alikwenda visiwani kabla ya Pasaka
na simu yake haipatikani.

Kalamu nyekundu ikakaa hewani.
Ningeweza kumwita kesho, nimuulize alikusudia lipi.
Nje mwezi umeshaanza kumegeka;
Jumatatu nusu yao hawatakuja.

Nikaiweka kalamu chini, nikachukua penseli.
Nikaweka vema.
Ndogo.